Walipopokonywa Mama kwa Hofu ya Maneno ya Watu

Tarehe 31 Mei 2004, Mahakama ya Juu ya Chile iliamua kwamba Karen Atala asiishi tena na binti zake watatu, wote wakiwa bado wadogo. Majaji watatu waliafiki, wawili wakapinga. Mama huyu hakuwa amewapiga wanawe wala kuwatelekeza. Yeye mwenyewe alikuwa hakimu. Kilichomponza ni kuishi nyumba moja na mwenzi wa kike.

Shauri lilianzia Villarrica, kusini mwa nchi. Atala na mumewe walitengana mwaka 2002, wakakubaliana watoto wabaki kwa mama. Mwenzi wake alipohamia nyumbani hapo Novemba, baba hakukawia. Januari 2003 alikwenda mahakamani, na kufikia Mei amri ya muda ilikuwa imewahamishia watoto kwake. Lakini kesi ya msingi iliposikilizwa, mahakama ilipima ripoti za wataalamu, ikawasikiliza mashahidi na wasichana wenyewe, ikaona hakuna madhara waliyoyapata kwa mama yao. Baba akashindwa Oktoba. Mahakama ya Rufaa ya Temuco, Machi 2004, nayo ikampa mama haki.

Ndipo Mahakama ya Juu ilipogeuza mambo. Ilidai kwamba watoto wangeweza kuchanganyikiwa kuhusu nafasi ya mwanamume na mwanamke, na kwamba jamii ingeweza kuwatenga. Hapo ndipo penye dhuluma. Yaliyothibitishwa yaliwekwa kando, na yale ambayo majirani wangeweza kuyasema siku moja yakapewa uzito wa ushahidi. Mtoto akinyanyaswa shuleni kwa sababu ya mama yake, anayestahili kukemewa ni anayemnyanyasa. Majaji walimwadhibu mama, tena kabla ya unyanyasaji wenyewe kutokea.

Chile haikuwa ya kwanza. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya jimbo la Virginia, Marekani, ilimtangaza baba aliyeishi na mwenzi wa kiume kuwa hafai kisheria kukaa na mtoto wake. Na mwaka 1995 huko Pensacola, Florida, jaji alimtoa binti kwa mama mwenye mwenzi wa kike, akamkabidhi kwa baba aliyewahi kufungwa kwa kumuua mke wake wa kwanza. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa iliuacha uamuzi huo usimame. Ukisoma hukumu za namna hii unajiuliza ni maslahi ya mtoto gani hasa yaliyokuwa yakilindwa.

Huko Ulaya mambo yalianza kubadilika. Mahakama ya Rufaa ya Lisbon ilikuwa imemnyima baba mmoja aliyeishi na mwenzi wa kiume malezi ya binti yake kwa hoja kwamba mtoto anapaswa kukulia katika familia ya jadi ya Kireno. Tarehe 21 Desemba 1999, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliita jambo hilo kwa jina lake: ubaguzi.

Atala aliifuata njia hiyo. Baada ya miaka mingi ya kusubiri, tarehe 24 Februari 2012, Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, yenye makao yake San José, Costa Rica, ilitamka kwamba Chile ilimbagua na kuingilia maisha yake ya faragha. Ilisema maslahi ya mtoto hayawezi kujengwa juu ya dhana tupu, wala chuki ya jamii haiwezi kuwa sababu ya kumbagua mzazi. Ikaongeza jambo ambalo wengi walikuwa wamelisahau: Mahakama ya Juu haikueleza ilivyoyapima matakwa ya wasichana wenyewe.

Mwaka huohuo serikali ya Chile iliomba radhi hadharani. Lakini mahakama ya San José ilieleza kwamba kuamua watoto wakae kwa nani si kazi yake. Wasichana walikuwa wameshakulia kwa baba yao kwa karibu miaka 9, na hakuna hukumu iliyoweza kumrudishia mama yao miaka hiyo.