Waya Usiowasha Taa

Wahandisi wa London walipoandika kanuni zao za kwanza za umeme mwaka 1882, hawakuwa na wasiwasi na mwili wa mtu. Waliogopa moto. Jina lenyewe la waraka lilisema hivyo: kanuni za kuzuia hatari za moto zitokanazo na taa za umeme. Umeme wakati huo ulikuwa wa matajiri, na tajiri alitaka kujua kama jumba lake litasalimika. Siwalaumu sana. Kinachonishangaza ni miaka iliyopita kabla kanuni hazijamfuata mtu hadi pale anapokuwa mnyonge kuliko pote: bafuni, uchi, amelowa, miguu mitupu sakafuni.

Fyuzi ni mtoto wa hofu ile ya moto. Soketi zetu za matundu matatu bapa tumezirithi kutoka kiwango cha Waingereza cha mwaka 1947, na fyuzi ya plagi yake haizidi ampia 13. Yaani miliampia 13,000. Sasa, Charles Dalziel, mwalimu wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliwapitishia watu waliojitolea umeme kidogo kidogo ili aone ni kiasi gani kinamfanya mtu ashindwe kuuachia waya alioushika. Kwa wanaume wastani ulikuwa miliampia 16; kwa wanawake, 10 na nusu. Balbu ya zamani ya wati 60 hula takriban miliampia 260 kwenye umeme wetu. Sehemu ndogo tu ya umeme wa taa moja inatosha kukugandisha, na fyuzi haitajua kwamba kuna jambo.

Tarehe 11 Machi 1978, jijini Paris, mwanamuziki Claude François alikuwa nyumbani kwake, ndani ya hodhi la kuogea. Akanyoosha mkono kuirekebisha taa ya ukutani. Alikuwa na miaka 39. Wimbo aliotunga na wenzake, "Comme d'habitude", ndio uliozaa "My Way" ya Frank Sinatra.

Njia mojawapo ya kumkinga mtu wa namna hiyo inaonekana kama wazimu ukielezwa mara ya kwanza: vifunge vyuma vyote vya bafuni pamoja kwa waya. Bomba la maji moto, bomba la maji baridi, hodhi la chuma, waya wa ethi wa kila kifaa. Hitilafu ikitokea, vyote hupanda volti pamoja. Ndege hutua kwenye waya wa umeme na kuruka mzima kwa sababu miguu yake yote miwili iko kwenye volti moja. Bafu lililofungwa vizuri humfanya muogaji awe ndege. Waingereza walishikilia jambo hili hadi mwaka 2008, toleo la 17 la kanuni zao liliporuhusu baadhi ya nyaya hizo ziachwe kwa masharti, mojawapo likiwa kila sakiti ya bafuni ilindwe na kifaa cha miliampia 30 kinachokata umeme ukivuja. Kifaa hicho hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukirudi pungufu, maana yake unapita pengine, labda kifuani mwa mtu. Dalziel naye alibuni cha kwake, chepesi zaidi, na kuanzia mwaka 1975 kanuni za Marekani zikakidai kwenye soketi za bafuni.

Sisi tuliipokea plagi, lakini si akili yake yote. Pini ya ethi ni ndefu makusudi: huingia ya kwanza, hutoka ya mwisho, na ndiyo inayofungua vifuniko vya matundu mengine mawili. Nani kati yetu hajaona kalamu ikichomekwa kwenye tundu hilo ili chaja ya pini mbili iingie?

Arusha, mwezi Julai, maji ya bomba ni barafu. Nyumba niliyopanga ilikuwa na shawa ya umeme, ile inayopasha maji yakiwa yanapita. Bafu moja, familia tatu. Bomba lilikuwa linang'ata. Mama mwenye nyumba, mtu mwema kabisa, alitupa tiba wanayoijua wapangaji wote: "Vaeni kandambili, wanangu." Kandambili si upuuzi, mpira huzuia umeme. Ila maji yakitiririka mguuni hadi sakafuni, mpira huo ni ahadi tu, na watoto wa jirani walioga pekupeku.

Tukachanga, tukamwita fundi. Alifungua shawa, akavuta waya wa kijani na njano uliokuwa umekatwa na kuviringishiwa tepu nyeusi. Aliyeifunga aliona maji yanapata moto bila huo. Fundi akaufuata ukutani hadi nje, chini ya mita, pale unapotakiwa kushuka kwenye fimbo ya shaba iliyozikwa ardhini. Waya ulikuwepo. Fimbo haikuwepo.

Akauliza nani atachimba. Udongo ulikuwa mkavu. Tulipokezana sururu hadi magharibi, mama mwenye nyumba akimwaga ndoo za maji ulainike. Kifaa cha miliampia 30 tulikinunua mwezi uliofuata.