Joto na Halijoto: Historia ya Tofauti Moja

Miongoni mwa maneno yanayowapa taabu wafasiri wa vitabu vya sayansi ni joto na halijoto. Katika mazungumzo ya kila siku neno joto latosha kwa maana zote mbili: twasema moto watoa joto, chumba kina joto, na mgonjwa ana joto. Katika kemia, hata hivyo, mambo hayo ni mawili, na mfasiri anayeyachanganya humpoteza mwanafunzi. Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi tofauti hiyo ilivyogunduliwa, kwani historia yake yahusu kazi yetu ya istilahi.

Chombo cha kupimia kilitangulia kupatikana kabla ya maana kutengwa. Daniel Gabriel Fahrenheit alitangaza vipimo vyake mwaka 1724, na Anders Celsius wa Sweden akapendekeza vyake mwaka 1742. Lakini wataalamu wa siku hizo walikuwa bado hawajatenga wingi wa joto na kiwango chake. Walidhani kwamba barafu ikisha kufika kiwango cha kuyeyuka, joto kidogo tu la ziada latosha kuigeuza yote kuwa maji.

Joseph Black, aliyefundisha kemia na utabibu katika Chuo Kikuu cha Glasgow huko Uskoti, aliikataa dhana hiyo. Kama ingekuwa kweli, alisema, theluji ya milimani ingeyeyuka kwa ghafla na kuleta gharika. Basi alichukua vyombo viwili vya kioo vilivyolingana. Kimoja alikitia maji, akayagandisha yakawa barafu. Cha pili alikitia maji ya uzito uleule, yenye nyuzi 33 za Fahrenheit, yaani juu kidogo tu ya kiwango cha kuganda. Akavitundika katika ukumbi wenye nyuzi 47. Maji yalifika nyuzi 40 kwa muda wa nusu saa. Barafu ilihitaji saa 10 na nusu ili iyeyuke na kufika hapo. Kwa muda mrefu joto lilikuwa likiingia katika barafu kutoka kwenye hewa, na kipimajoto hakikuonyesha badiliko. Joto hilo Black aliliita kwa neno lenye asili ya Kilatini ambalo maana yake ni kujificha, nasi twaliita joto fiche. Matokeo yake aliyaeleza mbele ya wasomi wenzake wa Glasgow mwaka 1762.

Jambo hilohilo hutokea jikoni. Kupandisha kilo 1 ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 100 za Celsius kwahitaji kilojuli 420 hivi. Kuyageuza maji hayo yote kuwa mvuke, yakiwa katika nyuzi zilezile 100, kwahitaji kilojuli 2,260 hivi, yaani zaidi ya mara tano. Mpishi anayeongeza kuni chini ya sufuria inayochemka hapandishi halijoto ya maji, bali ayafanya yakauke upesi. Mwalimu akiuliza, "Je, joto limezidi?", mwanafunzi aliyetazama kipimajoto atajibu kuwa halikuzidi, naye atakosa alama kwa sababu ya neno na si kwa sababu ya ujinga.

Majina yaliendelea kuwa na historia yake. Mwaka 1787 Lavoisier na wenzake watatu walipotoa utaratibu mpya wa majina ya kemia, walilipa joto jina la kaloriki, wakilichukulia kuwa kitu chepesi kipenyacho katika vitu vingine. Na mwaka 1789 Lavoisier alikiorodhesha miongoni mwa elementi. Uchunguzi wa Rumford wa mwaka 1798 kuhusu utoboaji wa mizinga, na vipimo vya Joule vya miaka ya 1840, viliiangusha dhana hiyo. Joto likafahamika kuwa ni nishati inayohama. Hata lile joto fiche halijifichi popote: hutumika kulegeza mshikamano wa molekuli. Hata hivyo maneno kalori na joto fiche yangali yakitumika.

Kwa hiyo hatuoni sababu ya kuliacha neno kipimajoto, ingawa chombo hicho hupima halijoto. Neno likisha kukubalika na watu, yatosha mwalimu aeleze maana yake. Palipo na haja ya uangalifu ni katika vitenzi. Yafaa tuandike kwamba joto huingia, hutoka na huhama, na kwamba halijoto hupanda na kushuka. Vivyo hivyo, nyumbani twasema mlango ufungwe baridi isiingie. Lakini katika kitabu cha kemia hatuna budi kuandika kwamba joto ndilo litokalo, kwani daima huhama lenyewe kutoka penye halijoto ya juu kwenda penye halijoto ya chini. Mfasiri akishika kanuni hiyo, sentensi zake zitamfundisha mwanafunzi tofauti ambayo Black aliithibitisha kwa barafu yake.