Meli Ndogo Nyekundu: Historia ya Misafara ya Watalii Kwenye Ncha za Dunia

Safari ya msafara wa meli kwenda kwenye ncha za dunia hutofautiana na safari za starehe za meli kubwa kwa jambo moja la msingi, nalo ni kwamba abiria hawakai sitahani wakitazama pwani kwa mbali, bali hugawanywa katika makundi, hushushwa ufukweni kwa mashua za mpira zinazojazwa upepo, na huongozwa na wataalamu wa ndege, wa miamba, wa nyangumi na wa historia wanaosafiri nao tangu bandarini. Utaratibu huu, ambao leo umeenea katika Aktiki, yaani eneo la bahari na visiwa linaloizunguka Ncha ya Kaskazini, na katika Antaktika, bara lililofunikwa na barafu kwenye Ncha ya Kusini, haukubuniwa na serikali yoyote. Ulijengwa na manahodha na wafanyabiashara wachache, na kanuni zake nyingi zilikuja baada ya meli kupanda mwamba, kumwaga mafuta au kuzama. Kwa sababu hiyo historia yake inastahili kusomwa kwa makini wakati huu ambapo idadi ya wasafiri imepita makadirio ya waasisi wake wote.

Mambo yalianzia kaskazini. Wilhelm Bade, baharia Mjerumani, alikuwa miongoni mwa maofisa wa meli Hansa iliyokwenda Greenland katika msafara wa kisayansi wa 1869, na meli hiyo ilipopondwa na barafu, yeye na wenzake walielea juu ya bamba la barafu majira yote ya baridi kabla ya kuokoka kwa mashua mwaka uliofuata. Mtu aliyepitia masaibu hayo angetarajiwa kuikimbia bahari ile maisha yake yote, lakini kuanzia mwaka 1891 Bade alianza kuwapeleka abiria wa kulipa hadi Spitsbergen, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika funguvisiwa la Svalbard, kaskazini mwa Norwei. Mwaka 1896 kampuni moja ya meli ya Norwei ilifungua njia ya kiangazi hadi huko na kujenga hoteli ndogo kando ya ghuba ya Adventfjorden. Majira hayohayo watalii walifika pia katika kisiwa cha Danskøya kumtazama mhandisi wa Uswidi, Salomon August Andrée, akiandaa puto alilokusudia kulirusha hadi Ncha ya Kaskazini. Andrée aliruka Julai 1897 pamoja na wenzake wawili, wakatoweka, na mabaki yao yakaja kupatikana mwaka 1930. Hivyo tangu siku zake za mwanzo utalii wa barafu ulikaa bega kwa bega na uvumbuzi na mauti, na mvuto huo wa kukanyaga mahali palipowashinda mashujaa haujaisha hadi leo.

Kusini kulichelewa kwa sababu ya umbali na ukali wa bahari. Kati ya ncha ya Amerika ya Kusini na Rasi ya Antaktika, ambayo ni ulimi wa ardhi unaochomoza kutoka bara la barafu kuelekea kaskazini, kuna Mlango-bahari wa Drake, ambamo pepo za magharibi huizunguka dunia bila kizuizi cha nchi kavu na mawimbi hupata nafasi ya kukua, na hata meli za sasa huchukua takriban siku mbili kuuvuka. Abiria wa kwanza wa kulipa walifika katika Visiwa vya South Shetland mwanzoni mwa 1958 kwa meli ya Ajentina iitwayo Les Eclaireurs. Safari hizo zilikuwa chache, na hazikuzaa utaratibu wa kudumu.

Aliyeuzaa ni Lars-Eric Lindblad. Alizaliwa Uswidi mwaka 1927, akahamia Marekani, na mwaka 1958 akaanzisha kampuni yake ya safari mjini New York. Mwaka 1966 alikodi meli ya Jeshi la Majini la Ajentina, Lapataia, akawapeleka Antaktika watu 57. Lindblad hakuwa tajiri anayetafuta fahari ya kufika mbali. Aliamini kwamba mtu hawezi kukitetea kitu asichokijua, na kwamba msafiri akifundishwa vizuri akiwa mbele ya barafu yenyewe atarudi kwao akiwa mtetezi wake. Imani hiyo ndiyo nguzo ya historia nzima ya misafara hii, na ndiyo pia hoja ambayo wakosoaji wake wameipinga kwa nguvu kuliko zote, kwa kuwa ni vigumu kupima utetezi wa mtu akiwa kwao ilhali moshi wa meli iliyomleta hupimika.

Meli za kukodi hazikumtosha. Mwaka 1969 kiwanda cha meli cha Uusikaupunki, nchini Ufini, kilikamilisha chombo kilichosanifiwa mahususi kwa kazi hiyo, kikapewa jina la Lindblad Explorer. Kilikuwa na urefu wa takriban mita 73, kilibeba abiria wapatao 100, ubavu wake uliimarishwa dhidi ya barafu, na kilipakwa rangi nyekundu iliyoonekana kwa urahisi baharini. Kwa sababu hiyo wapenzi wake walikiita Meli Ndogo Nyekundu. Udogo huo ulikuwa na faida yake, kwani meli ya kadiri hiyo iliweza kuingia katika ghuba zisizo na bandari, ikatia nanga na kuteremsha mashua za mpira ambazo tumbo lake bapa huziwezesha kufika hadi kwenye kokoto za ufukweni. Ukumbi wa mihadhara ulihesabiwa kuwa wa lazima kama chumba cha kulia. Miongoni mwa waliofundisha humo alikuwa Peter Scott, mtaalamu wa ndege wa Uingereza na mmoja wa waasisi wa shirika la uhifadhi la WWF, ambaye baba yake, Kapteni Robert Falcon Scott, alifia Antaktika mwaka 1912 akirejea kutoka Ncha ya Kusini. Abiria walioisikia historia ya bara hilo kutoka kinywani mwa mtoto wa marehemu huyo walipata somo ambalo kitabu kisingeweza kulitoa.

Bahari nayo ilikuwa na somo lake. Februari 1972 Lindblad Explorer ilipanda mwamba katika kisiwa cha King George, na abiria wakaokolewa na meli ya Jeshi la Majini la Chile, Piloto Pardo. Chombo kilivutwa, kikakarabatiwa, kikarudi kazini, na mwaka 1984 kikawa meli ya kwanza ya abiria kuipita Njia ya Kaskazini-Magharibi, yaani mkondo wa bahari unaopinda kati ya visiwa vya kaskazini mwa Kanada, ambao Roald Amundsen alikuwa wa kwanza kuupita wote kwa meli, kati ya 1903 na 1906. Hata hivyo tukio la 1972 lilifichua hali ambayo haijabadilika sana: katika Antaktika hakuna bandari, hakuna hospitali ya umma, na meli inayopata dharura mara nyingi humtegemea jirani aliye karibu, awe mwanajeshi, mtafiti au mfanyabiashara mwenzake.

Kuna sababu ya kisheria ya pengo hilo. Antaktika haina dola. Mataifa saba yanadai sehemu zake, lakini Mkataba wa Antaktika, uliotiwa saini Washington tarehe 1 Desemba 1959 na nchi 12, Afrika Kusini ikiwa ya pekee kutoka Afrika, uliyasimamisha madai hayo na kulitenga bara zima kwa ajili ya amani na sayansi. Waandishi wa mkataba huo walikuwa wakifikiria silaha za nyuklia na vituo vya utafiti. Utalii, ambao ulikuwa umeanza chini ya miaka miwili kabla, haukuwa katika mawazo yao. Matokeo yake ni kwamba kwa takriban miongo mitatu shughuli hii ilikua bila sheria maalumu ya kimataifa iliyotungwa kwa ajili yake.

Januari 1989 ndipo hali ilipobadilika. Meli ya Ajentina Bahía Paraíso, iliyokuwa ikipeleka shehena vituoni huku pia imebeba watalii, ilipasuka kwenye mwamba karibu na kituo cha Marekani cha Palmer na kumwaga takriban lita 600,000 za mafuta. Hakuna mtu aliyekufa, lakini mafuta yalienea katika maji yaliyozungukwa na makoloni ya pengwini, mbele ya macho ya wanasayansi waliokuwa wakiyachunguza kwa miaka mingi. Miezi michache baadaye Australia na Ufaransa zilikataa mkataba mwingine ambao ungeruhusu uchimbaji wa madini katika bara hilo. Badala yake ilitungwa Itifaki ya Madrid, iliyotiwa saini Oktoba 1991, ambayo ilipiga marufuku uchimbaji wa madini na kutaka kila shughuli, utalii ukiwamo, ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Mwaka huohuo kampuni saba za misafara ziliunda chama cha IAATO, zikajiwekea kanuni kabla ya kuwekewa na wengine. Wapo wanaoliona tendo hilo kama ujanja wa kibiashara; ukweli ni kwamba kanuni zile zilitangulia sheria za serikali nyingi na zimeheshimiwa kwa kiwango kizuri.

Kanuni zenyewe ni rahisi kuzieleza. Wasiwe ufukweni zaidi ya abiria 100 kwa wakati mmoja. Awepo kiongozi mmoja kwa kila abiria 20. Meli yenye abiria zaidi ya 500 isishushe mtu yeyote. Mgeni asimkaribie pengwini kwa chini ya mita 5. Mwaka 2009 nchi za Mkataba zilizichukua tatu za mwanzo na kuzifanya sehemu ya uamuzi wao rasmi.

Utekelezaji wake unaonekana vizuri zaidi siku ya kwanza ya kushuka, kabla mtu hajagusa ardhi. Abiria hupita mmoja mmoja mbele ya wafanyakazi wenye brashi, vibano na mashine za kufyonza vumbi, ambao hukagua mishono ya mifuko, vishikizo vya nguo vya kunata na soli za viatu wakitafuta mbegu na udongo, kisha viatu huchovywa katika dawa ya kuua vijidudu wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Kazi hiyo ina sababu thabiti: karibu na kituo cha utafiti cha Poland katika kisiwa cha King George, aina ya nyasi za kawaida za bustanini, zilizoletwa na binadamu bila kukusudia, zimeota na kustahimili tangu miaka ya 1980. Kuanzia msimu wa 2023/2024, mafua makali ya ndege yalipofika kusini kwa njia ya ndege wahamaji, wasafiri walikatazwa pia kukaa, kupiga magoti au kuweka mkoba chini. Huko Port Lockroy, kituo cha Waingereza cha mwaka 1944 ambacho sasa ni jumba la makumbusho na posta, sehemu ya kisiwa imefungwa kabisa kwa wageni, ili watafiti waweze kulinganisha pengwini wanaotembelewa na wale wasiotembelewa.

Wakati kanuni hizo zikijengeka, biashara yenyewe ilipanuka. Baada ya kuvunjika kwa Muungano wa Kisovieti, meli za utafiti za Urusi na hata zile za kuvunja barafu zilikosa bajeti na kukodishwa kwa kampuni za kigeni, na hivyo gharama ya kumiliki chombo imara haikuwa tena kizuizi kwa kampuni mpya. Wasafiri wa Antaktika, waliokuwa chini ya 7,000 katika msimu wa 1992/1993, wakaongezeka mara kadhaa katika muda wa miaka 15.

Mwishoni mwa Novemba 2007 meli ileile ya Lindblad, iliyokwisha badilisha wamiliki na kuitwa Explorer, iligonga barafu usiku karibu na Visiwa vya South Shetland na kuanza kuingiza maji. Watu wote 154 waliokuwamo walikaa kwa saa kadhaa katika mashua za uokoaji, nyingi zikiwa wazi juu, hadi meli ya Norwei, Nordnorge, ilipowafikia na kuwachukua wote wakiwa hai, kisha meli nyekundu ikazama siku hiyohiyo. Kwa kuwa ilipeperusha bendera ya Liberia, ni mamlaka ya Liberia iliyochunguza ajali hiyo, na ripoti yake ililaumu uamuzi wa kuingia katika eneo la barafu ambalo ugumu wake haukutambuliwa sawasawa. Bahari ilikuwa tulivu usiku ule. Kama ingechafuka, hesabu ya walionusurika ingekuwa nyingine. Mwaka 2011 mafuta mazito ya meli yalipigwa marufuku katika maji ya Antaktika, na mwaka 2017 ukaanza kutumika Msimbo wa Polar, yaani kanuni za kimataifa za ujenzi wa meli, vifaa na mafunzo ya mabaharia kwa maeneo ya ncha zote mbili.

Yote hayo yanahusu jinsi ya kwenda, si wangapi waende. Katika msimu wa 2023/2024 Antaktika ilipokea wageni zaidi ya 120,000, na takriban theluthi moja yao walikuwa katika meli zisizoshusha mtu kabisa. Karibu wote hukusanyika katika Rasi ya Antaktika, mojawapo ya maeneo yaliyopata joto kwa kasi kubwa katika karne ya ishirini, na utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba masizi yanayotokana na safari ya kila mtalii husababisha kuyeyuka kwa takriban tani 83 za theluji. Hoja ya Lindblad kwamba mgeni hugeuka mtetezi ilikuwa ya haki alipokuwa na watu 57. Haiwezi kubeba peke yake uzito wa watu 120,000.

Kaskazini tayari kuna mfano. Tangu tarehe 1 Januari 2025 Norwei hairuhusu meli yenye abiria zaidi ya 200 katika maeneo yaliyohifadhiwa ya Svalbard, na humo watu hushuka katika sehemu 43 zilizotajwa tu. Norwei iliweza kwa sababu Svalbard iko chini ya mamlaka yake, ilhali Antaktika huamuliwa kwa makubaliano ya nchi zote zenye sauti katika Mkataba, na nchi moja inayosita hutosha kuchelewesha uamuzi. Ugumu huo hauzipunguzii nchi hizo wajibu wao, Afrika Kusini ikiwamo. Ziweke ukomo wa kisheria wa idadi ya wageni kwa msimu, na ziuweke kabla ya meli nyingine kuzama.