Mkuu wa Chuo cha Githunguri

Mwezi wa Aprili 1959 aliletwa Lodwar, kando ya mto Turkwel, mzee mmoja aliyetoka katika gereza la Lokitaung. Watu wengi humjua Jomo Kenyatta kwa siasa. Wachache hukumbuka ya kuwa kabla ya kifungo alikuwa mkuu wa chuo kisichokuwa cha Serikali wala cha misheni.

Chuo hicho kilikuwa Githunguri, katika Kiambu. Asili yake ni ugomvi wa mwaka 1929 baina ya wamisheni na Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana, desturi ambayo sheria ya Kenya sasa yaikataza. Wazazi wengi waliwatoa watoto wao katika shule za misheni, wakajenga zao wenyewe. Lakini shule bila mwalimu ni nyumba tu. Kwa hiyo mwaka 1939 Peter Mbiyu Koinange, aliyekuwa amesoma Marekani, alifungua chuo cha kufundishia walimu, na fedha zikachangwa na wazazi na marika.

Kenyatta alirudi kutoka Uingereza mwaka 1946, na punde si punde akashika mahali pa Koinange. Haikuwa kazi nyepesi. Chuo kilitegemea mifuko ya wakulima, na tangu Juni 1947 mkuu wake alikuwa pia Rais wa chama cha Kenya African Union, hata mkutano na darasa vikagombea siku zake.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa, naye akakamatwa usiku uleule. Chuo kikafungwa. Aprili 1953, huko Kapenguria, alihukumiwa miaka saba na kazi ngumu kwa shtaka la kuongoza Mau Mau, shtaka alilolikana.

Lokitaung iko kaskazini ya Turkana, nchi ya mawe na jua kali, ambayo siku zile mgeni hakuingia bila kibali. Kwa sababu ya umri wake alipewa kazi ya kuwapikia wafungwa wenzake. Baadhi yao walikosana naye wakamtenga. Kisha akaletwa Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, mpiganaji wa msituni aliyekamatwa Januari 1954 na kuponea kitanzi. Mzee akamfundisha Kiingereza. Naona jambo hili dogo lastahili kukumbukwa kuliko hotuba nyingi: Serikali ilikuwa imefunga chuo na kumpeleka mkuu wake mbali kabisa, na bado darasa likaendelea, la mwanafunzi mmoja asiyelipa karo.

Kifungo kilipokwisha hakuachiliwa. Alizuiliwa Lodwar hata Aprili 1961, akahamishiwa Maralal, na Agosti akarudi kwake Gatundu. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, Koinange aliingia katika baraza la mawaziri la Kenyatta. Mkuu wa kwanza wa Githunguri akawa chini ya yule aliyemwachia chuo.