Aliyezaliwa Ranchini



Mwaka jana tulimzika mama mkubwa wa kijiji chetu, ambaye karibu kila mtu alimwita Cucu, hata wale ambao hawakuwa wajukuu zake. Kamati imeniomba niandike historia yake katika kijitabu hiki cha harambee, kwa sababu maisha yake na ile ploti ya umma tunayoichangia mwaka huu havitenganiki. Jina lake sitaliandika. Alikuwa akisema jina ni la kuwekwa kwenye risiti, na mkisoma hadi mwisho mtaelewa kwa nini.

Alizaliwa katika laini za wafanyakazi wa ranchi moja ya Mzungu kati ya Naivasha na Gilgil, wakati wa nzige. Nzige hao waliingia Kenya mwaka wa 1928. Kitambulisho chake kilisema 1930, lakini hiyo ilikuwa kazi ya karani aliyependa namba rahisi. Baba yake alikuwa ametoka upande wa Kiambu, akapanda treni Limuru na mbuzi wake, kwa sababu kule nyumbani mashamba yalikuwa yamebanwa na huku bondeni malisho yalikuwa tele. Chini ya sheria ya 1918, skwota alitakiwa kumfanyia mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Naye alipewa mahali pa kulima na kulishia mifugo yake. Baba aliweka dole gumba, akavaa kipande shingoni ndani ya kikebe chake, na mambo yakaanza.

Hapa niseme jambo moja ambalo Cucu hakupenda tulisahau. Nchi hii haikuwa ya mlowezi, na haikuwa yetu pia. Wamaasai walihamishwa kutoka bondeni kufuatia mkataba wa 1904 ili walowezi wapate nafasi kando ya reli. Naivasha na Elmenteita ni majina yao hadi leo. Watoto wakibishana nani ndiye mwenyeji, Cucu alikuwa akiuliza, "Mwenyeji wa tangu lini?" kisha anaendelea kuchambua maharagwe.

Utoto wake ulikuwa wa ndama na madebe. Wanaume walikamua, wanawake na watoto waliosha madebe, wakapalilia mahindi na kung'oa magugu. Krimu ilipelekwa stesheni ikaondoka kwa treni, na maziwa yaliyobaki baada ya kutolewa mafuta yaligawiwa ndama kwanza, halafu wafanyakazi. Alikuwa mama wa watoto wawili kabla ya kuonja siagi. Alipoionja, alisema, hakuona walichokuwa wakikifichia.

Mshahara wa watoto ulilipwa mkononi mwa baba. Wa mama yake pia. Kipande kilikuwa cha wanaume tu, na mkataba wa uskwota uliwekewa dole na mwanamume kwa niaba ya nyumba nzima. Kwa hiyo mtu akitafuta leo karatasi inayoonyesha kwamba Cucu alifanya kazi kwenye ranchi ile kwa zaidi ya miaka kumi, hatapata hata moja. Hilo lilimkaa moyoni kuliko njaa.

Wazee wetu wanakumbuka neno kifagio. Ndilo jina ambalo maskwota waliupa mtindo wa walowezi wa kufagia mifugo yao. Ulianza miaka ya 1920, na ukapata nguvu zaidi kwa sheria ya 1937, iliyoanza kutumika 1940. Sheria hiyo iliziruhusu halmashauri za walowezi kupunguza mifugo na shamba la skwota, na kuongeza siku za kazi hadi 270. Baba yake Cucu alikuwa na mbuzi karibu arobaini na ng'ombe wanane. Aliambiwa auze. Wanunuzi nao walijua hana la kufanya, wakataja bei waliyotaka. Ng'ombe mmoja tu ndiye aliyebaki, mwekundu mwenye doa jeupe pajani, na huyo alibaki kwa sababu mchungaji alimchanganya na kundi la Mzungu. Miaka miwili alipelekwa josho na ng'ombe wa bwana, akala chumvi ya bwana, na jioni Cucu akatumwa kumkamua gizani kwenye kichaka cha mleleshwa. Akisimulia hapo alikuwa akicheka hadi machozi yakamtoka. Ndiyo benki ya kwanza aliyoijua, alisema, na alikuwa mwizi wa mali yake mwenyewe.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Serikali ikawataka Wakikuyu waliofanya kazi mashambani huku bondeni wachukue kadi mpya zenye picha, wengi walikataa. Mwezi Machi 1953 kituo cha polisi cha Naivasha kilivamiwa, na baada ya hapo hakuna aliyesikilizwa tena. Cucu, mumewe na watoto walipakiwa kwenye lori, wakakaa katika kambi ya seng'enge, kisha wakapelekwa Kiambu, kwa watu wa baba yake, mahali ambapo hakuwahi kulala hata usiku mmoja. Huko waliitwa watu wa Rift Valley. Mume alikamatwa. Mwaka wa 1954 watu waliingizwa katika vijiji vya lazima, na Cucu alichimba handaki la kijiji akiwa na mtoto mgongoni. Miaka hiyo hakupenda kuisimulia, nasi hatukumlazimisha.

Hali ya hatari ilipoondolewa Januari 1960, alirudi. Si Kiambu iliyomfukuza, ila alisema alikuwa amechoka kuulizwa kwao ni wapi. Akaingia tena laini zilezile, nyumba ya tatu kutoka mferejini, kama kibarua. Mumewe aliachiliwa akiwa mgonjwa na hakuishi sana.

Baada ya uhuru, mwenye ranchi aliuza, na kama ilivyokuwa kote Nakuru, watu wakaungana katika kampuni ya kununua ardhi kwa hisa. Cucu aliuza kuku, mayai na pombe ya muratina (kanisa linisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa) akapeleka pesa ofisini. Karani akamwambia alete jina la mume. Akasema mume amekufa. Karani akasema basi alete jina la mtoto wa kiume. Mtoto wa kiume alikuwa na miaka kumi na mbili. Cucu akaketi kwenye benchi kuanzia asubuhi hadi ofisi ilipofungwa, na kesho yake akarudi kuketi. Siku ya tatu risiti iliandikwa kwa jina lake, na kuanzia hapo kila senti aliyotoa, iwe ya hisa, ya barabara au ya mwalimu wa nasari, alidai risiti. Kumbukeni kwamba wanawake wa Kenya walianza kupewa vitambulisho mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa miaka kadhaa zile risiti ndizo zilizokuwa kitambulisho chake.

Siku ya kupiga kura ya mashamba, namba zilivutwa kutoka kwenye kofia. Kabla ya hapo wanachama walikubaliana ekari mbili kando ya kisima ziachwe kwa ajili ya nasari na zahanati. Cucu ndiye aliyesimama kudai jambo hilo liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na akadai nakala. Wengine walinung'unika kwamba mama huyu anapenda karatasi.

Miaka mingi baadaye alikuja mtu na gari na barua, akasema ploti ile ni yake. Watoto wa nasari walikuwa ndani wakiimba. Cucu alitoka na nakala ile na risiti alizozifunga kwa kitambaa, akazisoma moja moja mbele ya chifu. Yule mtu hakurudi. Lakini ploti haijawahi kupata hati. Ingali kwa jina la kampuni ambayo ilishafungwa zamani, na Cucu hayupo tena wa kutoka na kitambaa chake.

Shamba lake mwenyewe aliligawa akiwa hai, kwa wana na mabinti sawasawa. Mwana mmoja alipolalamika, alimwambia sheria ya urithi ilibadilika mwaka wa 1981 na yeye hakuwa amelala.

Michango ya mwaka huu italipia mpimaji wa ardhi, ada za ofisi ya ardhi, na kusajili ploti kwa jina la wadhamini watakaochaguliwa kwenye mkutano mkuu. Ikizidi, tutaweka ua upande wa barabara. Nakala ya kumbukumbu za mkutano, yenye alama ya dole gumba la Cucu, iko kwa mwandishi wa chama, na yeyote anaweza kuiona. Na kila anayetoa, hata kama ni shilingi mia, tafadhali adai risiti.