Mbinu za kuhifadhi na kupika mamumunye yanapozidi

WAHENGA walinena kuwa akiba haiozi. Mumunye, hata hivyo, huoza upesi sana, na mkulima au mpishi asiyejua kulihifadhi huishia kulitupa jaani pamoja na maji, mbolea na jasho lililotumika kulikuza.

Mamumunye machanga, yale ambayo katika maduka ya mijini huuzwa kwa jina la kojeti, ni ya ukoo mmoja na malenge. Asili ya mmea huu ni bara la Amerika, ingawa aina ndefu ya kijani inayopendwa siku hizi iliendelezwa nchini Italia. Hapa Kenya hukuzwa kwa soko la ndani na kuuzwa ng'ambo pia.

Mmea huanza kuzaa siku 45 hadi 60 hivi baada ya mbegu kupandwa, kisha huendelea kuzaa kwa wiki kadhaa mfululizo. Tunda lililoachwa kwa siku chache tu hukua kupita kiasi. Ndiyo maana hata aliyepanda miche michache nyuma ya nyumba hujikuta na kapu lililojaa. Nchini Marekani, tarehe 8 Agosti imegeuzwa kuwa siku ya mzaha ambapo watu huacha mamumunye mlangoni pa jirani kisirisiri.

Kiini cha tatizo ni maji. Takriban asilimia 95 ya uzito wa mumunye ni maji, na ngozi yake ni nyororo, tofauti na ile ngumu ya lenge lililokomaa ambalo huweza kukaa kwa miezi. Kwa hivyo, kila mbinu ya kuhifadhi ni njia ya kuyadhibiti maji hayo.

Hatua ya kwanza huanzia shambani. Inafaa kuvuna kila siku moja au mbili, tunda likiwa na urefu wa sentimita 15 hadi 20, kwa kisu kikali na kuacha kikonyo kidogo. Kufanya hivyo huuchochea mmea uendelee kuzaa, na tunda lisilo na jeraha hukaa muda mrefu zaidi.

Mamumunye mabichi hayafai kuoshwa kabla ya kuwekwa, kwa kuwa unyevu wa nje hukaribisha ukungu. Yakiwekwa katika droo ya mboga ndani ya jokofu, huweza kudumu wiki moja au zaidi kidogo. Hata hivyo, baridi iliyo chini ya nyuzi 5 za Selsiasi kwa siku nyingi huyafanya yabonyee na kutoa mabaka ya majimaji. Pasipo na umeme, jokofu la makaa, yaani kibanda ambacho kuta zake zimejazwa makaa yanayoloweshwa maji, husaidia, hasa katika maeneo makavu. Penye hewa yenye unyevu mwingi kama pwani, manufaa yake hupungua.

Mwenye friza anaweza kukata vipande vya unene wa sentimita moja, akavitumbukiza katika maji yanayochemka kwa dakika 3, kisha akavipoza mara moja kwa maji baridi, akavichuja vizuri na kuvigandisha. Vikihifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sufuri, hufaa kuliwa kwa miezi 8 hadi 12. Hulainika vinapoyeyuka, hivyo mahali pake ni kwenye supu na mchuzi wala si kwenye kachumbari.

Kukausha hupunguza mzigo zaidi. Kilo 10 za mamumunye mabichi hubaki zaidi kidogo tu ya nusu kilo. Vipande vyembamba hutandazwa kwenye wavu safi, vikafunikwa kwa kitambaa chepesi ili kuzuia nzi na vumbi, na kuanuliwa jioni. Huwa tayari vinapovunjika vikikunjwa. Vikitiwa katika chombo kisichopitisha hewa, huweza kuongezwa kwenye githeri au supu baadaye.

Achari nayo hufaa. Vipande hutiwa chumvi kwa saa chache, maji yakamwagwa, kisha vikazamishwa katika siki iliyochemshwa na viungo. Siki hiyo iwe na asidi isiyopungua asilimia 5, maji ya kuongezwa yasiizidi, na chupa ikae katika jokofu.

Lakini kuna tahadhari. Mumunye halina asidi ya kutosha, na kulifungia katika chupa bila siki, au kulizamisha katika mafuta na kuliweka kabatini, huweza kuotesha bakteria wanaosababisha botulizimu, ugonjwa utokanao na sumu inayoweza kuua. Sumu hiyo haitambuliki daima kwa harufu wala kwa ladha.

Kwa wanaokula vyakula vya mimea pekee, mumunye halishibishi likiwa peke yake. Gramu 100 zina takriban gramu moja tu ya protini. Linafaa kuandamana na ndengu, maharagwe, kunde au njugu. Katika mchuzi wa nazi, nafaka za kunde huiva kwanza, na mumunye hutiwa dakika chache kabla ya kuepua ili lisirojeke.

Yanapokuwa mengi, kuyaparuza huyamaliza haraka. Mumunye lililoparuzwa hunyunyiziwa chumvi, likakaa dakika 15, kisha likakamuliwa. Likichanganywa na unga wa dengu, kitunguu na dania, hukaangwa kama bhajia. Likichemshwa na kupondwa, hukandwa pamoja na unga wa ngano kutengeneza chapati, sawa na zile za malenge. Maji yaliyokamuliwa hutiwa kwenye supu, mradi chumvi ipimwe upya.

Tunda lililokua kupindukia huondolewa mbegu na ngozi ngumu, likajazwa wali na maharagwe na kuokwa.

Mumunye lenye uchungu mkali lisiliwe kamwe. Uchungu huo hutokana na kemikali za kukabitasini, ambazo huumiza tumbo na haziishi kwa kupikwa. Hutokea zaidi katika mimea iliyotokana na mbegu zilizochavushwa na maboga ya mapambo au ya mwituni. Ni busara kuonja kipande kidogo kibichi, kukitema, na kutupa tunda zima likiwa chungu.

Kila baada ya mavuno, yaliyojeruhiwa yapikwe siku hiyo hiyo, mazima yawekwe kwa matumizi ya wiki, na yanayosalia yagandishwe, yakaushwe au wagawiwe majirani yangali mabichi.