Mshika Kamba: Wanawake Walioongoza Wenzao Milimani

Anayekwenda Everest kwa upande wa Nepal huteremkia Lukla, mji mdogo ulioganda ubavuni mwa mlima kwenye mita 2,860 hivi juu ya usawa wa bahari. Uwanja wake wa ndege umepewa majina ya wanaume wawili, Tenzing na Hillary, waliofika kileleni tarehe 29 Mei 1953. Hapo hapo Lukla ipo hospitali yenye majina ya wanawake wawili: Pasang Lhamu na Nicole Niquille. Wa kwanza ni Msherpa, mwanamke wa kwanza wa Nepal kufika kilele cha Everest. Wa pili ni Mswisi, na mwaka 1986 alikuwa mwanamke wa kwanza nchini mwake kufuzu uongozaji wa milima mirefu. Mwaka 1994, akiwa anaokota uyoga, Niquille aliangukiwa na jiwe kichwani, na tangu hapo anatembelea kiti cha magurudumu. Hospitali aliyoiasisi ilifunguliwa mwaka 2005.

Majina hayo mawili yanabeba historia ambayo mara nyingi husimuliwa nusu. Vitabu vya upandaji milima vinapenda kuhesabu vilele: nani alikuwa mwanamke wa kwanza kufika wapi, mwaka gani. Hesabu hiyo ina maana, lakini haigusi mlango mgumu zaidi. Mwanamke kufika kileleni akiwa amefungwa kamba na mwongozaji mwanamume lilikuwa jambo lililokubalika mapema mno, hata kabla ya picha kuanza kupigwa. Mwanamke kushika kamba hiyo yeye, akalipwa kwa kazi hiyo, na mwanamume akamfuata nyuma, lilichukua karibu karne moja na nusu zaidi.

Marie Paradis, mtumishi wa kike wa Chamonix, alifikishwa kilele cha Mont Blanc mwaka 1808. Henriette d'Angeville alifuata mwaka 1838, na Lucy Walker alipanda Matterhorn mwaka 1871. Wote walikwenda na waongozaji wanaume wa mabonde ya milima hiyo. Kampuni ya waongozaji ya Chamonix iliundwa mwaka 1821, na kazi ilirithishwa kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume kama shamba la ukoo. Mwanamke alikuwa mteja, hakuwa fundi. Ilibidi kusubiri hadi 1953 ndipo Gwen Moffat apate cheti cha uongozaji nchini Uingereza, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa huko. Ufaransa, nchi yenye Chamonix yenyewe, ilimpata Martine Rolland mwaka 1983. Miaka 30 baina ya cheti na cheti, katika nchi mbili zinazotazamana!

Afrika Mashariki nayo ina sura yake katika simulizi hii. Mwaka 1909 Mwingereza Gertrude Benham alipanda Kilimanjaro, na wapagazi wake walipokataa kuendelea kwenye theluji, alisonga mbele peke yake. Sheila MacDonald alifika kilele cha juu kabisa, kile tunachokiita leo Uhuru, mwaka 1927. Una Cameron alifika Batian, kilele cha juu cha Mlima Kenya, mwaka 1938, akiwa na waongozaji kutoka milima ya Alps. Majina haya yamehifadhiwa vizuri. Ya watu weusi waliobeba, waliopika na waliojua njia yalipotea au yalichelewa kuandikwa. Kijiji cha Marangu kinamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyemwongoza Mjerumani Hans Meyer kupanda Kilimanjaro mwaka 1889, lakini heshima hiyo alipewa akiwa mzee sana. Ikiwa mwanamume mwenyeji alisubiri kiasi hicho, mwanamke mwenyeji hakuwa hata kwenye foleni.

Huko Himalaya wanawake wa Kisherpa walikuwa kazini tangu mwanzo. Walibeba mizigo katika misafara ya Waingereza ya miaka ya 1920, na walikuwemo tena mwaka 1953. Mgongo wao ulikubalika; kilele hakikuwa chao. Mwaka 1959 Mfaransa Claude Kogan aliongoza msafara wa wanawake wa mataifa mbalimbali kwenda Cho Oyu, na mabinti wawili wa Tenzing Norgay, Pem Pem na Nima, walikuwa miongoni mwa wapandaji. Kogan na Claudine van der Straten walifia huko, pamoja na Masherpa wawili. Wale waliokuwa wakisema mlima si mahali pa mwanamke walipata hoja waliyokuwa wakiisubiri, ingawa misafara ya wanaume ilikuwa ikizika watu kwa miongo kadhaa bila yeyote kudai kwamba mwanamume hafai mlimani.

Junko Tabei alikulia katika maneno ya namna hiyo. Mwaka 1969 alianzisha klabu ya wanawake wapandaji nchini Japani, na walipokuwa wakitafuta fedha za kwenda Everest waliambiwa wakae nyumbani walee watoto. Tabei, mama wa binti mdogo, alifundisha piano ili kupata pesa, na wenzake wakashona glovu kwa vitambaa vya kufunikia viti vya gari. Msafara wa wanawake 15 uliongozwa na Eiko Hisano, Tabei akiwa naibu wake. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Mei 1975 poromoko la theluji liliwafunika wakiwa hemani katika kambi ya pili. Masherpa walimfukua Tabei akiwa amepoteza fahamu. Siku 12 baadaye, tarehe 16 Mei, alifika kileleni pamoja na Msherpa Ang Tsering.

Huyo Ang Tsering asisahaulike. Mara nyingi hatua ya mwanamke mgeni huko juu ilitegemea Msherpa mwanamume aliyetangulia, na hali ilikuwa hiyo hiyo mwaka 1978, Arlene Blum alipoongoza msafara wa wanawake wa Marekani kwenye Annapurna. Irene Miller na Vera Komarkova walifika kileleni na Masherpa wawili; wenzao wawili, Vera Watson na Alison Chadwick-Onyszkiewicz, walikufa siku mbili baadaye. Blum alithibitisha kuwa mwanamke anaweza kuongoza msafara mzima, kupanga mizigo, kuamua nani apande lini, na kubeba lawama. Kuongoza mteja kamba kwa kamba kulikuwa bado mbali.

Hata neno la mwanamke lilitiliwa shaka. Lydia Bradey wa New Zealand alifika kilele cha Everest tarehe 14 Oktoba 1988 bila oksijeni ya mtungi, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Alikuwa peke yake, hakuwa na picha, na wenzake wa msafara walikana hadharani kwamba alifika. Ilichukua miaka dai lake likubalike. Bradey hakuondoka milimani: alisomea uongozaji, akapata cheti cha kimataifa, na kuanzia 2008 akawa anawapandisha wateja kwenye mlima ule ule ambao watu walikataa kuamini kwamba aliupanda.

Pasang Lhamu Sherpa, aliyezaliwa mwaka 1961, aliendesha kampuni ya utalii wa milimani na mumewe jijini Kathmandu. Alikwishajaribu Everest mara tatu na kurudi bila kilele. Mwaka 1993 msafara wa pamoja wa wanawake wa India na Nepal ulikuwa ukiandaliwa chini ya Bachendri Pal, Mhindi aliyefika kileleni mwaka 1984. Pasang Lhamu hakwenda nao, bali aliunda msafara wake mwenyewe. Tarehe 22 Aprili alifika juu. Hali ya hewa ikabadilika wakati wa kushuka, na yeye na Sonam Tshering Sherpa hawakurudi wakiwa hai. Mwili wake uliteremshwa hadi Kathmandu, umati ukajaa barabarani, na serikali ikauita mlima mmoja kwa jina lake. Mabinti wa Kisherpa waliokuwa watoto wakati huo walikua wakiiona sanamu yake mjini.

Kazi yenyewe inahitaji kutazamwa kwa karibu ili uzito wake ueleweke. Mtungi wa lita 4 uliojazwa kwa mgandamizo wa baa 300 hutoa lita 1,200 hivi za oksijeni. Mteja akivuta lita 2 kwa dakika, anazo saa 10. Akiogopa na kuongeza hadi lita 4, anazo 5 tu. Mwongozaji anapiga hesabu hiyo akilini usiku, kwenye baridi inayogandisha mvuke ndani ya barakoa, huku akikagua kwa vidole vilivyokufa ganzi kama klipu ya mwenzake imeshika kamba. Anajua pia saa ya kugeuka. Mtu aliyelipa maelfu ya dola na anayekiona kilele kwa macho yake lazima aambiwe turudi, na lazima atii. Ndiyo maana swali la mwanamke kuongoza halikuwa la misuli. Lilikuwa kama mwanamume atakubali kukatazwa na mwanamke kwenye mita 8,500.

Dawa Yangzum Sherpa wa bonde la Rolwaling ndiye aliyelijibu swali hilo nchini Nepal. Tarehe 26 Julai 2014 yeye, Maya Sherpa na Pasang Lhamu Sherpa Akita walipanda K2 wakiwa timu ya wanawake wa Nepal. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 2010 alifuzu cheti cha kimataifa cha uongozaji, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Nepal, baada ya miaka ya mitihani ya miamba, barafu na uokoaji. Oktoba 2024 alikamilisha milima yote 14 inayozidi mita 8,000. Lhakpa Sherpa, aliyeanza kama mpagazi, alifika kilele cha Everest kwa mara ya kumi mwaka 2022.

Kwenye Kilimanjaro ngazi ni ile ile, ingawa mlima hauhitaji mitungi. Mwanamke huanza upagazi na mzigo wa kilo 20, akapanda hadi mwongozaji msaidizi, kisha mwongozaji mkuu mwenye leseni. Njiani hukutana na hema la kulala pamoja na wanaume, na ndugu wanaouliza mke wa mtu analala wapi siku 7 porini. Wachache wanafika juu ya ngazi hiyo, lakini wapo, na usiku wa kuondoka Kambi ya Barafu ndio wanaoamua nani anaendelea na nani anashuka. Kila mgeni aliyefika Uhuru hupewa cheti, na cheti hicho hutiwa saini na mwongozaji wake. Vyeti vya namna hiyo vimetundikwa ukutani katika nyumba nyingi duniani. Anayetaka kuandika historia ya wanawake waongozaji wa Kilimanjaro ana pa kuanzia: saini hizo, pamoja na daftari za malango ya Marangu na Machame, kabla hazijachakaa.